Matanga ya Msimamizi

Puttaswamy, dalali wa nyumba mjini Bengaluru, alikuwa akinywa kahawa kwa kusimama, kama watu wote wa heshima mjini humo, alipowasikia wahandisi watatu wa kompyuta wakilalamika. Kila mmoja alikuwa ameichoka nyumba yake na kuitamani ya mwenzake, ila hakuna aliyethubutu kuhama kwanza.

Shashikala, mdogo kati ya hao watatu, akasema mashine zao zilishamaliza tatizo hilo. Msimamizi huuliza kila upande kama uko tayari. Wote wakikubali, anatoa amri na mambo yanatimia kwa pamoja. Mmoja akikataa, yote yanarudi yalivyokuwa. Ukishasema tayari, huna ruhusa ya kugeuka.

"Hata msimamizi akikawia?" Puttaswamy akadakia.

"Unangoja, kaka."

Moyo wa dalali ukacheza. Watu wamesoma kiasi hicho, na wanangoja!

Akajitolea kuwasimamia bure wabadilishane nyumba. Ili aaminike, akaitia kwenye mzunguko nyumba yake mwenyewe, aliyoachiwa na mama yake kule Malleshwaram. Shashikala ndiye angeipata, naye dalali angepata ya mmoja wao. Puttaswamy aliipenda nyumba ile kuliko roho yake, lakini amri si angeitoa yeye? Wote wakasema tayari, wakatia sahihi, wakampa funguo, wakaenda kubanana kwenye chumba kimoja cha kupanga. Yeye akazijaza nyumba zao wageni wa harusi wa kulipa, akazima simu bila kutoa amri, akaenda mji wa Mysuru kula vitamu.

Wahandisi wakangoja kwa adabu. Hatimaye wakakumbuka kanuni nyingine: msimamizi asiyesikika huhesabiwa amekufa. Wakamchagua Shashikala awe msimamizi mpya, naye akaamuru yatimie. Na kwa kuwa ni watu waliolelewa vizuri, wakamfanyia marehemu matanga.

Puttaswamy aliporudi nyumbani kwake Malleshwaram, alikuta picha yake ukutani imevishwa shada la asumini, na watu wamejipanga mkekani wakila kwenye majani ya mgomba.

"Mimi hapa, mzima!"

Wahandisi wakamtazama kwa huruma. Msimamizi wa zamani akifufuka hasikilizwi, wasije wakawa wawili mambo yakavurugika.

"Najua uko hai, kaka," Shashikala akamnong'oneza. "Ila ujumbe wako umechelewa."

"Na nyumba niliyokuwa niipate mimi?"

"Warithi wako wakijitokeza, watapewa."

Puttaswamy hakuwa na mke wala mtoto. Akaketi mkekani, akawekewa jani. Mzee aliyekuwa pembeni yake akamuuliza kama alimfahamu marehemu.

"Kidogo," akasema, machozi yakimlengalenga. "Alikuwa mjanja sana."

"Si sana," akasema Shashikala, akamwongezea wali.