Rola, Mafuta ya Karafuu na Arobaini ya Bibi

Leo nimeadhirika, jamani. Tena mbele ya wanawake wa mtaa mzima, katika arobaini ya bibi yangu mwenyewe. Nimejifungia chumbani, vidole vyeusi kwa wino, nanuka kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Naandika hapa ili yanitoke.

Bibi yangu, mzaa mama, ametutoka, na leo ndiyo ilikuwa hitma yake ya arobaini, wanawake hapa nyumbani Mkunazini. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bi Kidoti, kwa sababu ya alama aliyokuwa nayo shavuni. Jina lake hasa mtaani hakuna aliyelijua. Siku ya maziko mama alisikia watu wakiulizana mlangoni, "Huyu Bi Kidoti jina lake hasa nani?" na hakuna aliyejibu. Likamchoma. Tangu siku hiyo mama halii, hacheki, anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Kwa arobaini alitaka kitu kimoja tu: kila mwanamke apewe karatasi yenye dua na jina kamili la marehemu, ili mama yake aombewe kwa jina lake.

"Zipeleke steshenari wakachape," aliniambia.

"Mama, nna printa yangu ndani. Ya nini kuhangaika?"

(Mdomo huu. Ungetiwa gundi mapema, leo nisingekuwa na la kusimulia.)

Printa yenyewe ni ya wino, ya nyumbani, nachapia mazoezi ya wanafunzi wangu wa masomo ya jioni. Inakaa sebuleni kwenye meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa alichokifuma bibi. Siku nyingi ina kelele. Ikivuta karatasi, rola, vile vigurudumu vya mpira vya ndani, vinalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Bibi alipenda sana kukaa kwenye kigoda chake kando ya printa hiyo kila siku baada ya alasiri. Na kila nikitaka kuifungua nione ina nini, yeye ndiye wa kwanza kunizuia.

"Usiipekuepekue, utaivunja. Uzee tu huo, kama wangu."

Nikaiacha. Nilidhani anaionea huruma.

Basi leo asubuhi nikaiwasha. Karatasi ya kwanza ikaingia nusu. Krrrr! Kwa-kwa-kwaa! Ikakwama. Nikaivuta taratibu, ikatoka imekunjamana kama sambusa iliyokaliwa. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ikachanika, nusu mkononi mwangu, nusu tumboni mwake.

Nikatafuta video kwenye simu. Kijana wa video akasema: kwanza zima, chomoa waya, kisha mulika nyuma, pale karatasi zinapoingilia, uone kama kuna kitu kimeangukia ndani. Hatua hiyo nikairuka. Kianguke nini? Printa hii anaigusa nani zaidi yangu? (Mkumbuke maneno haya. Yatanirudia.) Halafu akasema futa rola kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nikafuta, kitambaa kikatoka cheusi, nikajiona fundi mkubwa. Nikawasha. Krrrr!

Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyekuja tangu jana kutoka Kizimkazi, akachungulia kutoka jikoni.

"Nini hicho kinacholia hivyo?"

"Printa, Mama Mkubwa. Rola zinapiga kelele."

"Kitu kikilia kinataka mafuta, mwanangu. Kitie mafuta ya karafuu."

Nanyi mnatujua. Nyumba ya Unguja haikosi kichupa cha mafuta ya karafuu. Jino likiuma, karafuu. Tumbo, karafuu. Goti, mbu, bawaba ya mlango, yote karafuu. Kichupa cha bibi kilikuwa bado dirishani, palepale alipokiacha. Kijana wa video alikuwa ameonya kwamba rola hazitiwi mafuta ya aina yoyote. Lakini kijana yule hajapata kuishi na bibi yangu. Nikatia, tena sikuwa bahili.

Kelele zikapungua! Nikapiga kigelegele (cha moyoni, nyumba ina msiba). Kisha nikagundua kwa nini zimepungua. Rola zinazunguka, karatasi haiendi. Zinateleza juu yake tu, nayo imetulia, inazitazama. Nikaisukuma kwa kidole. Ikapita, ikatoka na doa la mafuta katikati, na jina la bibi limetawanyika kama wanja wa mtu aliyelia. Ilipofuata nyingine, kelele zikarudi zilezile, sasa na harufu.

Nikakimbilia steshenari. Ijumaa, imefungwa. Mvua ikanikuta njiani. Nikarudi nimelowa, mikono mitupu, na kujisifu kwangu kwa asubuhi kunanisubiri mlangoni.

Baada ya alasiri wageni wakajaa. Mikeka imetandikwa, ubani unafuka, misahafu na juzuu zimegawiwa. Bi Raya, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyekuwa anaongoza. Mama amekaa ukutani, mikono mapajani, macho kwangu.

"Zuhura."

"Naam, mama."

"Karatasi?"

"Zinakuja, mama."

(Hazikuwa zinakuja. Hata mimi sikujua zimekwama wapi.)

Kabla kisomo hakijaanza wanawake wakawa wanamtaja bibi kwa wema. Jirani yetu, Bi Time, akatabasamu. "Maskini Bi Kidoti, na tambuu yake."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza akashughulike na rola zake. Mimi nikavuta mkeka. Mjue kwamba daktari alimkataza bibi kutafuna tambuu, majani na popoo zake, kwa sababu ya vidonda vya mdomoni, na mlinzi nikawekwa mimi. Nilipekua pochi yake. Nilipekua chini ya mto. Nilipekua mpaka ndani ya mtungi wa maji. Nikawaeleza yote hayo, kwa kujidai.

"Tambuu aliacha, Bi Time. Nilimwachisha mimi."

"Mtu mzima haachi tambuu," alisema Bi Raya, ambaye midomo yake mwenyewe ni myekundu daima kwa tambuu.

"Huyu aliacha. Kwangu mimi hapiti kitu."

Wakanisifu. Mama Mkubwa akakohoa, akaomba maji.

Kisomo kikaenda vizuri, Yasini ikakhitimiwa. Bi Raya akafunika msahafu wake. "Sasa dua. Ziko wapi zile karatasi zenye jina la marehemu?"

Nyuso zote zikanigeukia. Nikanyanyuka, nikabonyeza kitufe, nikasoma bismillahi.

Krrrr! Kwa-kwa-kwa-kwaaa!

Mtoto mmoja akaanza kulia. Mwanamke wa karibu na mlango akasema "Astaghfirullah." Mama akasema kwa sauti ndogo, "Izime, Zuhura." Lakini mimi nilishapandwa na hasira, za printa na za siku nzima, na labda za siku zote hizi arobaini. Nikachomoa waya. Nikainyanyua printa nzima, nikaipindua kichwa chini, nikaitikisa kama mtoto anayetikisa kibubu.

To.

Kitu kikadondoka mkekani. To, to. Vingine viwili. Kisha kikafuata kifurushi kidogo cha karatasi kilichofungwa uzi wa kufumia. Mwisho ukashuka wino, mweusi, juu ya kanga yangu na juu ya mkeka mpya wa ukindu.

Kipande kimoja kilibingirika mpaka gotini kwa Bi Raya. Akakiokota, akakigeuza, akakinusa.

"Popoo," alisema.

Akakinusa tena.

"Popoo nzuri. Ila imeingia karafuu."

Akakifungua kile kifurushi. Popoo zilizokatwa vizuri, tumbaku kidogo, na chokaa iliyofungwa peke yake, vyote vya mtafuna tambuu aliyetulia. Nikaelewa pale pale. Bibi alikuwa akiweka akiba yake nyuma ya printa, kwenye upenyo wa nyuma ya trei ya karatasi, chini ya kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, mahali pekee ambapo mlinzi hapekui kwa sababu ni pa mlinzi mwenyewe. Vipande vilivyoponyoka vikaangukia kwenye rola. Kelele zile nilizozilalamikia siku zote zilikuwa tambuu ya bibi.

"Kwako hapiti kitu," alisema Bi Time, polepole.

Nikakumbuka kila nilivyokuwa nikimuuliza, "Bibi, umeacha kweli?" Jibu lake lilikuwa moja: "Nshaacha, mwanangu, nshaacha kabisa." Hakuapa hata siku moja. Kuapia uongo haikuwa tabia yake, na mimi na kisomo changu chote sikugundua. Nikamtazama Mama Mkubwa. Alikuwa anatazama boriti za dari kwa makini sana. Kumbe mzigo ulikuwa unatoka Kizimkazi.

Ndipo nikasikia sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Mama anacheka. Alianza kwa pua, akaziba mdomo kwa kanga, akashindwa. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, halafu kicheko kikageuka njiani na kikawa kilio, kile ambacho hakikutoka siku ya maziko. "Mama yangu mie," alisema, "mama yangu." Wanawake wakamzunguka. Mimi nimesimama na printa mikononi, inadondosha wino, nalia kwa aibu na kwa uchungu. Mwaka wake wa mwisho nilimfanya bibi yangu ajifiche kama mwizi ndani ya nyumba yake, na tambuu yenyewe hakuacha.

Bi Raya akasubiri mpaka pakatulia. "Karatasi hakuna," alisema. "Basi mtoto wake atutajie kwa ulimi wake."

Mama akafuta uso. Akakaa vizuri. "Mwanakhamis binti Haji Mcha," alisema, kwa sauti ambayo ingefika mpaka mlangoni kwa wale waliokuwa wakiulizana.

Wanawake wakalirudia, wote pamoja. "Kumbe Mwanakhamis," nilimsikia Bi Time akinong'ona. "Miaka yote hii nnakaa naye ukuta kwa ukuta." Dua ikasomwa kwa jina hilo, na kila lilipotajwa mama aliitikia amina kabla ya wenzake.

Sasa wageni wamekwenda zao. Mkeka umeshindikana, wino hautoki. Nimezifuta rola kwa maji na sabuni kidogo mpaka mafuta yakaisha, nikachapa karatasi moja tu, kujaribu. Imetoka safi, jina limenyooka, na printa haikutoa sauti yoyote. Nimekaa pale penye kigoda cha bibi nikaisikiliza. Ningefurahi sana kama ingelia kidogo.

Fundisho: mkiambiwa mulikeni nyuma, mulikeni nyuma. Na naomba msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia amrehemu bibi kwanza, tena kwa jina lake, maana sasa mnalijua.