Taka za Mjini Zigawiwe kwa Kadi

Mtaa wa Kidimbwini,
Ng'ambo, Unguja.
Machi, 1971

Kwa Bwana Afya, ambaye pia ni Mjomba wangu Borafya,

Shikamoo. Shikamoo hii ipokee kama mjomba, na malalamiko yanayofuata yapokee kama Bwana Afya, kwani sikujua namna ya kuwaandikia watu wawili katika bahasha moja. Ana kwa ana nisingeweza. Ulipokuja Sikukuu ya Idi nilisimama nyuma ya pazia na maneno yote kichwani, ukaondoka nikiwa bado nayapanga.

Nakuandikia kuhusu taka za Mjini, ambazo gari linazimwaga kila asubuhi nyuma ya nyumba yetu. Kabla hujapewa cheo na nyumba ya huko ulizinusa pamoja nasi, kwa hivyo sitaeleza sana.

1. Moshi. Jaa linachomwa siku ambazo upepo unaelekea kwetu tu. Baba alimwuliza Matar, dereva wa gari, kwa nini hangoji upepo ugeuke. Akajibu, "Bwana Ame, moshi ukiingia Mjini, kesho nnatafuta kazi. Ukiingia kwenu, kesho nnasalimiwa." Na kweli tunamsalimia. Jirani yetu Bi Sichana zamani alikuwa akifukiza udi kwa ajili ya wageni. Siku hizi anafukiza ili aweze kula.

2. Pilau. Inaliwa Mjini Ijumaa, kwetu inafika Jumatatu. Sisemi kwa choyo. Nasema tu kwamba kuijua pilau kwa mwisho wake, bila ya kuijua kwa mwanzo wake, kunamvunja moyo mwanafunzi.

3. Kisima. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mvua ikinyesha, maji yanapita jaani, yanaingia kisimani, kisha yanaingia tumboni mwa ndugu yangu Jaku. Anaharisha tangu mvua za vuli. Ana miaka minane na kaptula yake ya miaka sita inamporomoka. Huko skuli mwalimu ameshazoea kuliruka jina lake. Siku ya Idi ulituambia tuchemshe maji. Ushauri ni mzuri, lakini makaa yetu yanatosha kuchemsha maji au kupika wali, na Jaku akiulizwa huchagua wali. Wewe mwenyewe, Mjomba, ulikunywa soda uliyokuja nayo. Mama aliiona chupa mfukoni mwako.

Sasa nakuja kwenye ombi. Darasani tunafundishwa kwamba siku hizi watu wote ni sawa, na mfano tunaopewa ni kadi ya chakula: mchele kwa kichwa, sukari kwa kichwa, awe mtu wa nyumba ya mawe au ya makuti. Nimefikiri sana, nikaona kuna kitu kimoja kimesahauliwa. Kwa hivyo naomba haya:

4. Taka zigawiwe kwa kadi, pishi moja kwa kila kichwa, Mjini na Ng'ambo. Watu wa Mjini wapange foleni wachukue sehemu yao. Hawatapata tabu, watazitambua.

5. Nzi hawapimiki kwa pishi, lakini nina hakika watafuata wenyewe. Moshi ugawiwe kwa upepo, na Matar aandikiwe kwamba hatafukuzwa.

6. Maradhi ya tumbo nayo yahesabiwe. Kwa makisio yangu Jaku ameshaharisha sehemu ya mtaa mzima wa Mjini. Haki inataka wenye sehemu zao wazichukue, naye apumzike.

7. Mgao uanzie nyumbani kwako, watu wasije wakasema kiongozi kajipendelea. Una ukumbi mkubwa na madirisha ya baharini, pishi chache hazitaonekana.

Kama haya ni mazito, basi gari limwage kwengine, au tuletewe bomba. Lakini ombi dogo kama hilo limeshaandikwa mara nyingi bila ya kujibiwa, na wewe ulikuwa miongoni mwa walioandika ulipokuwa ukikaa kwetu. Ndiyo maana nimeleta kubwa.

Nisikuchoshe zaidi. Msalimie mkaza mjomba na watoto wote. Mama anakusalimu kama ndugu yake. Kukusalimu kama Bwana Afya, bado hajaamua. Baba anakusalimu baina ya kikohozi na kikohozi. Jaku anakusalimu kutoka chooni.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Mwatima Ame

Baada ya sahihi: Naiposti barua hii kwa sababu stempu imeshabandikwa, lakini naomba usiifuate. Nilimsomea Mama, na Bi Sichana akasikia kutoka uani kwake. Akasema, "Mwanangu, ushatumaliza. Sukari ilikuwa tele mpaka ilipotiwa kwenye kadi. Na taka nazo zitaadimika. Mbuzi wangu watakula nini?" Tangu alfajiri mtaa mzima umepanga vikapu na mawe jaani kushika nafasi. Kila mtu anataka pishi zake kabla hazijaisha, na wamekubaliana kwamba watu wa Mjini wasipewe hata ganda. Kikapu cha Mama ni cha tatu. Jaku, kwa kuwa leo pia hakwenda skuli, ndiye anayekilinda. Tafadhali, Mjomba, usihamishe chochote mpaka zamu yetu ifike.