Kondoo wa Linah Wanazaa, Mimi Nalala Stoo

Jumatatu, 8 Oktoba 2007

Siku ya tatu tangu nirudi nyumbani, Ndabibi. Bado nalala stoo, kati ya magunia ya chumvi ya mifugo na baiskeli isiyo na magurudumu. Linah, mke wangu wa ndoa, anasema ni kwa muda tu. Muda gani? Mpaka kondoo wa mwisho azae. Hapo ndipo ataamua kama nitaingia nyumbani au nitafute kwingine. Alisema hayo akichambua maharagwe. Hata macho hakuinua!

Kondoo ishirini na mmoja wana mimba. Yaani mimi, niliyeipiga nyumba hii mabati kwa mikono yangu, nasubiri matumbo ya kondoo yaniamulie pa kulala.

Nimemkumbusha kwamba miaka sita ya ukarani wa stoo kwa mkandarasi kule Olkaria, kwenye visima vya umeme wa mvuke, ilikuwa ya kuitafutia familia. Kwamba kazi imeisha kwa sababu ya wivu wa watu, na jambo dogo tu la buti za mpira zilizopotea. Linah akasema Olkaria si Ulaya. Ukisimama langoni kwetu asubuhi unaona mvuke wake. Akasema kwa miaka sita alikuwa akiuona mvuke kila siku, ila mtu hakumwona. Hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliyetoka safari?

Halafu kuna shemeji Chepngeno, mdogo wake Linah. Alikuja mwaka juzi kusaidia wiki mbili. Mpaka leo yuko, na analala upande wangu wa kitanda. Kondoo wanamfuata kila aendako. Mimi nikiingia zizini wanabanana kwenye kona wakinitazama vibaya. Binti yangu Jerop, miaka minane, alinisalimia kwa mkono kama anayempokea mkaguzi wa shule.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo nimepewa. Nimezoa mavi ya kondoo mchana kutwa.

Mpango: utaalamu. Nina kijitabu cha ufugaji nilichopewa bure na Dharmesh, mwenye duka la dawa za mifugo mjini Naivasha. Chepngeno hana kijitabu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Kumi na mmoja wamezaa tayari. Hakuna hata mmoja aliyenisubiri. Nikifika nakuta mtoto yuko chini na Chepngeno anajifuta mikono.

Leo asubuhi nilibahatika. Linah na dada yake walikuwa wamekwenda kuteka maji, na kondoo mwekundu akazaa mbele yangu, bila msaada wa mtu. Lakini uchafu ule! Mtoto amejaa utelezi wa manjano, masikio yamegandamana. Nikaona nafasi yangu. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni yangu ya kuogea, ile yenye harufu ya waridi, nikamwosha vizuri kuanzia pua hadi mkia. Nikamkausha kwa taulo. Nikamchana! Alipendeza kuliko kondoo yeyote aliyewahi kuzaliwa Ndabibi.

Nikamrudisha kwa mama yake. Mama akamnusa mara moja, akarudi nyuma, akamgonga kwa kichwa. Nikamrudisha tena. Akamgonga tena. Kondoo gani huyu asiyethamini usafi?

Linah alifika na mtungi mgongoni, akamnusa mtoto, akafumba macho. Akaniuliza taratibu kama nimemwosha. Nikasema ndiyo, kwa maji moto. Chepngeno alicheka mpaka akashikilia mti wa ua. Kumbe kondoo humjua mwanawe kwa harufu, na ukiiosha harufu umemfanya yatima. Kijitabu hakikusema hivyo. Au kimesema, ukurasa ambao sijafika.

Sasa yatima ananyonya chupa mara tano kwa siku, na kila mara Linah ananipita na ile chupa bila neno. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 13 Oktoba

Kondoo mwenye doa jichoni amezaa mtoto mfu. Nilisikitika, ingawa pia nilifurahi kidogo kwamba safari hii si mimi.

Chepngeno hakusikitika hata dakika moja. Akachukua kisu, akamchuna yule mfu haraka kama anayemvua mtoto sweta. Kisha akamvika yatima wangu wa sabuni ile ngozi, miguu minne ndani ya matundu manne. Nikasema hadharani kwamba huo ni ukatili na ushirikina. Chepngeno akanipa ndoo nishike.

Mama mwenye doa akaja. Akanusa mkia. Akanusa mgongo. Akaguna kwa upole, akasimama, na yatima akapiga magoti akanyonya mkia ukitikisika. Jerop akapiga makofi. Linah akamshika dada yake bega. Familia nzima inafurahi, na mimi niko nje ya ua nimeshika ndoo.

Lakini mimi si mjinga. Nimeona kitu ambacho wao hawakukiona. Kumbe kukubaliwa si suala la tabia wala historia. Ni suala la ngozi!

Jumanne, 16 Oktoba



Linah ana koti kuukuu la kijani analovaa zizini siku zote. Leo alilitundika jikoni akaenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Chepngeno alikuwa mtoni. Nikalivaa. Nikafunga na kitambaa chake kichwani. Nikaenda zizini nikiinama kidogo, kwa sababu ya urefu.

Walikuja! Kondoo wote, na watoto wao! Wakanizunguka, wakanisugua magoti, wakalamba mifuko. Hata Chelel alikuja, yule jike mzee mweupe ambaye mama mkwe alimpa Linah mwaka nilioacha kuja nyumbani. Kundi zima limetoka tumboni mwa Chelel, na Linah humsalimia asubuhi kabla ya kumsalimia mtu. Chelel aliweka kidevu chake mkononi mwangu. Nilijiona mwenye boma.

Ndipo nikasikia miguu ikikimbia nyuma yangu. Jerop, katoka shuleni. Akanikumbatia kiunoni kwa nguvu, uso wake mgongoni mwangu, akaanza kunieleza kwamba amekuwa wa tatu kwenye hesabu, kwamba mwalimu amempa kalamu nyekundu.

Sikugeuka. Nakiri hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilijua ningetakiwa kugeuka, na sikugeuka. Tangu nirudi hakuna mtu aliyenikumbatia. Nilisimama tu nikasikiliza habari za kalamu.

Kisha akaniuliza mbona sisemi. Nikageuka.

Alipiga yowe ambalo jirani yetu Mburu alilisikia kutoka shambani kwake. Akaja na panga. Akanikuta na kitambaa kichwani. Mburu ni mtu wa adabu. Aliuliza kama nyumbani ni wazima, akarudi zake. Kabla ya jua kuzama watu wawili walikuwa wamepita polepole karibu na ua wetu bila sababu yoyote.

Linah amelifua koti. Jerop hataki kuja stoo kuniita chakula. Sahani inaachwa mlangoni.

Ijumaa, 19 Oktoba

Ishirini wamezaa. Amebaki mmoja: Chelel. Akizaa tu, Linah anaamua, na kwa hali ilivyo sihitaji mganga kuniambia atakavyoamua.

Kwa hiyo Chelel lazima azalie mikononi mwangu. Na kizuizi ni Chepngeno. Akiondoka yeye, Linah atanihitaji mimi. Tutabaki wawili zizini, mume na mke, tukisaidiana, kama zamani.

Mama yao yuko Elburgon. Hana simu. Nina laini yangu ya zamani ya Olkaria, ambayo hakuna anayeikumbuka tena. Nikaingiza laini, nikamwandikia Chepngeno: Mama yenu amezidiwa. Njoo upesi.

Ilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Chepngeno alisoma, akapiga kelele, akamwita Linah. Linah akasoma, akaketi chini kwenye majani, mikono kichwani. Baada ya dakika kumi wote wawili walikuwa barabarani na vikapu.

Wote wawili! Nilisahau kwamba mama ni mmoja.

Linah alinishika mkono akiondoka. Mara ya kwanza! Aliniomba nimwangalie Jerop, kwa sababu ana mtihani Jumatatu. Akasema Chelel akianza uchungu nisiguse kitu, nimwite Mburu mara moja. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na akanishukuru. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikafikiri: akinikuta kesho na mwana-kondoo mzuri mikononi, hata nikimwambia atacheka.

Jumamosi, 20 Oktoba

Chelel alianza saa mbili asubuhi.

Jerop aliniambia niende kwa Mburu. Nikasema hakuna haja. Ningemwambia nini Mburu akiniuliza Linah yuko wapi, na nani kamwambia mama yake ni mgonjwa? Nikafungua kijitabu. Mguu mmoja ulikuwa umetoka, na pua. Kwenye picha ni miguu miwili. Jerop akasema mama yake huwa anamsukuma mtoto ndani kwanza, anautafuta ule mguu mwingine. Nikamwambia kwamba mtu havuti kitu kwa kukisukuma. Nikavuta.

Nilivuta muda mrefu. Chelel hakulia. Alikuwa akinitazama tu.

Sikuona Jerop alipoondoka. Nilimwona akirudi mbio, Mburu nyuma yake akikunja mikono ya shati. Mburu akanisogeza kwa bega. Mtoto wa kwanza alikuwa amekufa. Wa pili, kumbe walikuwa mapacha, alimtoa akiwa hai. Lakini Chelel alikuwa amechanika ndani. Saa sita alilaza shingo, hakuiinua tena.

Lori la kampeni lilipita barabarani na kipaza sauti, likituahidi sisi wafugaji maisha mapya. Mburu akanawa mikono, akauliza kama Linah anajua. Nikasema ajali ni ajali. Jerop alimvika mwana-kondoo sweta yake ya shule akaingia naye nyumbani, akafunga mlango kwa ndani.

Nimekaa hapa stoo najiambia kwamba Chelel alikuwa mzee. Alikuwa mzee kweli. Lakini nimelia, sijui kwa nini, mpaka pua ikaziba.

Jumapili, 21 Oktoba

Wamerudi. Mama mkwe walimkuta shambani akichimba viazi, mzima, mwenye hasira, akiuliza ni nani huyu anayemwombea kifo.

Linah alinionyesha ile namba kwenye simu ya Chepngeno. Hakuniuliza ni ya nani. Aliitaja kwa kichwa, tarakimu zote, bila kutazama. Akasema ndiyo namba aliyokuwa akinipigia kwa miaka sita. Jerop akiwa na homa, alipiga hiyo. Paa lilipong'oka kwa upepo, alipiga hiyo. Haikupokelewa hata mara moja. Akasema hakujua kama huwa inafanya kazi.

Kisha akauliza Chelel yuko wapi.

Jerop ndiye aliyemwambia. Linah akaenda zizini, akaketi karibu naye muda mrefu, akimtoa vijiti vya vichaka vya leleshwa kwenye manyoya, kimoja kimoja, kama Chelel bado ana mahali pa kwenda. Chepngeno alinipita. Safari hii hakucheka, na nilitamani angecheka.

Mimi ndiye niliyechimba shimo. Nilichimba refu, lenye kona nzuri. Hakuna aliyelisifu.

Jumanne, 23 Oktoba

Kondoo wa mwisho amezaa, kwa hiyo Linah ameamua. Nilikuta begi langu mlangoni mwa stoo. Shati langu limefuliwa na kupigwa pasi. Mahindi ya kuchemsha yamefungwa kwenye karatasi.

Nimelifikiria sana lile shati. Mwanamke aliyekata tamaa hapigi pasi kola. Pande zote mbili!

Nilimwambia Jerop kwaheri kupitia dirisha. Alikuwa akimnyonyesha mwana-kondoo chupa. Akasema kwaheri, na akaniuliza kwa adabu kama ninaweza kusogea kidogo, nimemzibia mwanga.

Jumamosi, 27 Oktoba

Nakuru, mtaa wa Bondeni. Nimepangiwa kona katika chumba cha binamu yangu Kiptum, fundi wa viatu. Kuna harufu ya gundi, lakini si stoo. Ni hatua mbele.

Nimetulia na nimepima mambo yote bila hasira. Kosa halikuwa ujumbe. Ujumbe ulifanya kazi! Linah alisoma maneno machache na ndani ya dakika kumi alikuwa barabarani, analia. Kosa langu lilikuwa kumtaja mtu asiyehusika. Kwa nini nilimfanya mama mkwe mgonjwa wakati nina mwili wangu mwenyewe?

Kwa hiyo juzi nilichukua simu ya Kiptum, nikamwandikia Linah kana kwamba ni Kiptum anayenitaja mimi: Kosgei amezidiwa. Njoo upesi na mtoto. Nikalala kitandani, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, shati la pasi juu ya kiti mahali linapoonekana. Nikasubiri hadi jioni. Jana nikasubiri tena. Kiptum amelalamika kwamba nampotezea wateja kwa kuguna.

Leo mchana jibu limekuja. Maneno mawili: Ugua pole.

Nimeyasoma mara nyingi. Ni maneno mazuri, hayana ubaya wowote. Mtu mwingine angekata tamaa hapa, lakini mimi nimegundua dosari, na ni ndogo. Kwa mgonjwa watu hutuma pole. Kwa maiti huja wenyewe.

Kesho asubuhi nitakufa. Nimeshamwomba Kiptum simu. Linah akija hawezi kumwacha Jerop nyumbani, mtoto lazima aletwe kumzika baba yake.