Labrado Mlinda Vanila

Jumatatu, 9 Juni 2025
Vanila yangu hapa Nyanga imebakiza siku saba kuvunwa. Wezi wanaijua tarehe kuliko mimi. Jirani yangu Datius analinda yake kwa mbwa wa kienyeji, mbavu nje, anayembwekea hata mwenye nyumba. Mimi nimesoma aina za mbwa kwenye simu. Nimechukua labrado wa mzee Rajabali, mwenye duka mjini, anayehamia Mwanza. Anaitwa Moti. Asili yake, mbwa wa wawindaji. Rajabali akanionya kwamba kazi yao ni kuokota ndege aliyekwisha kupigwa, kung'ata hawajui. Nikajua ni unyenyekevu wake tu.

Jumatano, 11 Juni
Moti kakulia dukani. Kila anayeingia humpokea kwa mkia na kumsindikiza hadi ndani. Leo kapokea tisa. Datius akauliza, waitu, ndugu yangu, huyu ni mlinzi au mshenga? Nikamjibu anakariri sura. Jioni Moti akaja na kandambili ya Datius mdomoni. Ukali umeanza. Mke wangu Verdiana anasema hicho ni kiatu cha tatu, na kimoja ni cha mchungaji.

Jumapili, 15 Juni
Tukiwa ibadani mwizi aliingia, mchana kweupe. Consolata, jirani wa ng'ambo aliyekuwa akipalilia migomba, alimwona akaendelea na jembe lake. Alidhani ni mgeni wangu, kwa jinsi Moti alivyompokea. Mbwa wa Datius alibweka sana. Hubweka kila siku, hakuna aliyetoka. Mwizi akajaza mfuko, akasindikizwa na Moti kuelekea upande wa Hamugembe.
Saa nane Moti akarudi na mfuko mdomoni. Vanila yote imo. Kilo sita, hakuna hata tunda moja lenye alama ya jino.

Jumatatu, 16 Juni
Nimevuna yote, nimeuza yote. Datius kaja kupongeza, kwa shida. Nikamfafanulia ukali wa labrado. Verdiana akasema mbwa kaokota mfuko kama anavyookota viatu. Nikatundika kibao getini: MBWA MKALI. Moti kaking'oa, kampelekea Datius.

Jumamosi, 21 Juni
Sasa naombwa ushauri. Ildefons, anayesafirisha samaki kutoka kisiwa cha Bumbire hadi Muleba, analalamika barafu inayeyuka njiani. Nimesoma kuna aina ya mbwa wa Siberia, kazi yao tangu asili ni barafu. Ildefons akasema, mzee Aristides, tatizo langu ni jua. Nikamwambia mbwa watazoea. Nimeshaagiza wawili.