Kware wa Mama Kezia Walivyosindikizwa Makaburini

Jamani, leo nimeaibika mbele ya Ujiji nzima. Tena nikiwa na kanzu safi, nimetoka kuswali Ijumaa. Naandika haya nimejifungia chumbani, kwa hiyo msinipigie simu. Sipokei.

Chanzo ni joto. Mlioko Kigoma mnalijua joto la siku hizi, mvua inanguruma ng'ambo huko Kongo halafu haivuki. Bati la chumba changu saa saba mchana huligusi. Mimi binadamu naweza kuvua shati nikajimwagia maji. Kware je?

Na kware wenyewe si wangu. Ni wa Mama Kezia, jirani yangu wa mlango wa pili, aliyekimbia Burundi na bintiye. Siku wanapandishwa melini pale Kagunga mpakani, wenzake walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba kikapu cha kware. Juzi alikwenda kambini kumtafuta dada yake, akaniachia tundu. "Fundi Sudi," akaniambia, "katika nyumba yangu yote, hawa ndio waliobaki. Nikirudi niwakute wanapumua." Nikamjibu kwa mbwembwe, "Mama Kezia, nenda kwa amani. Kware ni ndege tu." (Mdomo huu utanimaliza.)

Natoka msikitini, nawakuta wamekaa midomo wazi, mabawa wameyatandaza, wanahema. Maji niliyowawekea asubuhi yamekuwa ya chai. Mmoja kalala ubavu. Nilishtuka, wallahi. Nikalowesha gunia nikafunika tundu, likakauka huku nikiliangalia. Nikasogeza tundu kivulini, kivuli kikahama. Nikawapepea kwa ungo mpaka mkono ukafa ganzi.

Hapo nikapata wazo. (Mawazo yangu mnayajua.) Mama yangu anakaa kule chini karibu na ziwa, na jiko lake la nyasi lina ubaridi wa mtungini. Niwapeleke huko! Nikamwita rafiki yangu Hamisi, fundi baiskeli, naye bado yuko na kanzu yake ya Ijumaa. Tundu lenyewe ni la mbao, refu na jembamba. Na kwa kuwa nguo nyeusi inavuta jua, nikatafuta nyeupe. Mimi ni fundi cherehani, kitambaa cheupe kwangu hakikosekani. Nikachukua bafta iliyobaki kwenye kazi ya sanda, nikailowesha, nikafunika tundu lote, nikakunja ncha zake kifundi kabisa.

Naona mmeshaanza kuelewa. Mimi wakati ule sikuelewa kitu.

Sasa, kware akishtuka huruka juu ghafla akagonga kichwa, anaweza kufa hapo hapo. Kwa hiyo nikamwambia Hamisi, "Tubebe begani, twende haraka, na tusiongee." Tukatoka. Wanaume wawili, kanzu, kofia, kisanduku cheupe begani, mwendo wa haraka, kimya. Jasho linatutiririka machoni, kila mara tunajifuta.

Muuza kahawa wa pale kona alipotuona aliweka birika chini, akaja mbio. Akanishika bega. "Pole sana, ndugu yangu. Lete nikupokee."

Nikampa! Nikajisemea, ama kweli watu wa Ujiji wana utu, wanajali mpaka ndege. Mwingine akampokea Hamisi. Waliokuwa wakicheza bao wakaacha kete zao. Duka la vipuri likafungwa. Na nyinyi desturi yetu mnaijua: jeneza likipita, huulizi la nani. Unatia bega hatua chache, unampisha mwenzio, unapata thawabu zako. Likiwa dogo ndiyo kabisa, kila mtu analigombea. Kufumba na kufumbua tundu langu liko mbele kule, linahama bega kwa bega, na mimi niko nyuma natafuta kandambili yangu iliyokanyagwa.

Hamisi akanisogelea, akaninong'oneza, "Nani kafa?"

"Sijui," nikamjibu. "Labda tumekutana na msiba wa watu, na hawa wanatusaidia mzigo kwa vile njia ni moja."

Basi tukafuata kwa heshima, tumeinamisha vichwa. (Ndiyo. Nilisindikiza.)

Tukafika njia panda. Kwenda ziwani ni kushoto. Umati ukakata kulia, kuelekea makaburini, na hapo ndipo akili iliponirudia. Bafta! Nikapiga kelele, "Simameni! Hawajafa!"

Wanaume wawili wenye vifua vipana wakageuka, wakanishika mikono. "Jikaze, fundi. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Wazima jamani! Wanataka maji tu!"

"Msiba umempiga vibaya huyu," akasema mmoja wao. "Mshike vizuri asianguke."

Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuniombea dua. Siwafichi, machozi yalinitoka kweli. Sikuwa nalia aibu. Nilikuwa namwona Mama Kezia anashuka garini, ananiuliza kware wake, na mimi namwambia walikufa kwa jua wakati watu wanagombania kuwabeba.

Makaburini tundu likatuliwa chini ya mti. Mzee Ramadhani, anayesimamia mazishi mtaani kwetu, akasafisha koo. "Kaburi liko wapi? Na baba wa mtoto ni nani?"

Macho yote kwangu. Nikasukumwa mbele.

"Sudi," akasema mzee taratibu, "wewe ulioa lini?"

"Shikamoo, mzee. Sijaoa."

Minong'ono hiyo! Mzee akafumba macho kidogo. "Haya. Mtoto hana kosa. Pangeni safu."

Watu wakapanga safu. Nikafungua mdomo nieleze, na kabla sauti haijatoka, ndani ya bafta kukasikika: "Kwii-kwirii!"

Jamani! Safu ya kwanza ilirudi nyuma ikaikanyaga ya pili. Wale wenye vifua vipana ndio walioongoza kukimbia, mmoja ameacha kofia. Akabaki Mzee Ramadhani peke yake. (Magoti yake hayamruhusu.) Akainua ncha ya bafta kwa fimbo. Kware wakamtazama. Naye akawatazama.

"Sudi."

"Naam, mzee."

"Hawa ni kware."

"Ndiyo, mzee."

"Na mmoja ametaga."

Wazima wote! Bafta ilikuwa bado mbichi, na umati ule ulikuwa umewazibia jua njia nzima. Hata yule wa ubavu alikuwa amesimama anadonoa mbao. Nilikaa mchangani nikacheka kwa furaha, na waliokimbia wakaanza kurudi mmoja mmoja, kila mtu akidai yeye alikuwa anakwenda kuchukua jembe.

Nikadhani yameisha. Narudi nyumbani na tundu langu, nakuta kina mama wameshatandika mikeka uani, moto unawaka, maharage ya mawese yako jikoni. Katikati yao yuko mama yangu mzazi, amepandishwa mbio kutoka ziwani, analia mjukuu ambaye hakuwahi kuambiwa habari zake.

"Mama," nikamwambia, "ni kware."

Akajifuta kwa upande wa kanga. "Yaani sina mjukuu?"

"Huna, mama."

"Na mimi nilishamsamehe mama yake!"

Kina mama wakavunjika mbavu. Wakati huohuo Mama Kezia akaingia na mfuko wake, bintiye nyuma, na pembeni yake mwanamke wanayefanana pua. Dada yake kampata! Akatazama mikeka, moto, watu. "Mana yanje, Mungu wangu! Nani kafa?"

Nikamweleza kila kitu, macho yangu chini. Akafunua bafta, akawaangalia kware mmoja mmoja. Nikajua leo nimekwisha.

"Mwenye kware hawa," akasema hatimaye, "alikuwa baba Kezia. Tulimzika watu watatu, mbio mbio, hata kulia hatukulia. Na kware wake wamepata mji mzima?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa mkekani, dada yake naye akakaa. Na walipoona kicheko kimegeuka kitu kingine, kina mama wakamsogelea. Mmoja alikuwa ameanza kukunja mkeka.

"Usikunje," Mama Kezia akamwambia. "Mkae kidogo. Mumlilie yeye."

Wakautandika tena. Mzee Ramadhani akaletwa kiti, na wanaume walewale waliokimbia wakaja wakakaa upande wao. Maharage yakaliwa. Mpaka sasa wako uani, nawasikia kutoka humu chumbani wakimuuliza Mama Kezia mumewe alikuwa mtu wa namna gani, naye anawasimulia.

Kwa hiyo salamu za pole mnazotuma humu kundini tangu mchana msizifute, nitampelekea mwenyewe. Mimi nitumieni mchumba, maana mama yangu bado amekaa mlangoni.