Kingamwili Zangu Zimeniponza

Jumatatu, 12 Julai 2021

Ninapumua! Wiki jana nilikuwa kwenye mashine ya oksijeni, leo nimemaliza sahani ya bukari, ugali wetu. Kwenye kitanda cha pili amelazwa Kambale, mume wa dada yangu Hortense, mfanyabiashara wa Butembo. Korona tuliipata pamoja, arusini. Hata ugonjwa lazima aniige! Yeye bado anahema kama aliyebeba magunia.

Habari kubwa! Daktari Abigaïl anasema imefika dawa ya majaribio kutoka Ulaya, ya kutundikwa kwa dripu. Kwanza kipimo cha damu. Atakayekutwa hana kingamwili, wale askari ambao mwili huunda kupigana na virusi, atapewa. Mwenye nazo hapewi. Dawa ya Ulaya! Lazima niipate. Ninakunywa maji chupa baada ya chupa, damu iwe nyepesi. Askari wazame!

Jumanne, 13 Julai

Msiba. Nimejaa kingamwili. Daktari amenipongeza, eti mwili wangu umejitetea vizuri ajabu. Nani aliutuma? Kambale hana hata chembe. Kashinda! Hortense analia dirishani, ameambiwa hali ya mumewe ni mbaya sana. Nami nimelia kidogo. Kwa sababu zangu.

Jumatano, 14 Julai

Mpango! Kambale amepelekwa kupigwa picha ya mapafu. Nikahamia kitandani kwake, barakoa hadi machoni, shuka hadi barakoa. Muuguzi Katungu akaja na dawa. Akauliza jina. Nikasema Kambale, kwa sauti nzito ya tajiri. Akafurahi! Kumbe naye ni wa Butembo. Akanisalimia kwa Kinande, lugha ya kwao, akauliza, nadhani, habari za ukoo mzima. Mimi, mtoto wa Kasai, nisiyejua hata neno moja la Kinande, nikajibu kwa kikohozi. Akauliza tena. Nikakohoa kwa kirefu zaidi. Akavuta shuka.

"Papa, weye hauko Kambale! Muntu anakufa, na weye unamuibia dawa? Rudia ku kitanda yako!"

Wodi nzima ikacheka, hata wenye mipira ya oksijeni puani. Kisha Kambale akarudishwa, midomo ya bluu. Kicheko kikakatika. Dawa ikaanza kudondoka mshipani mwake. Bukari yangu imepoa, sikuigusa.

Jumamosi, 17 Julai

Kambale anapumua! Amekaa, anadai samaki wa Pweto! Hortense amecheza nje ya dirisha hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka. Nami nimecheza, na dripu yangu ya maji mkononi.

Kambale akanivuta karibu. "Shemeki, banasema ulibakia ku kitanda yangu, ulinichungia dawa. Aksanti sana."

Sikumsahihisha. Mgonjwa hasumbuliwi.

Daktari anasema nimepona kabisa, nitarudi nyumbani. Nimemwambia nimejifunza: afya ni zawadi, na tamaa ni mbaya. Akaguswa.

Jioni nimesikia kwamba kwenye jengo la macho wanagawa miwani ya Ubelgiji, bure, kwa wasioona mbali. Kutoka hapa nasoma nambari za taksi ng'ambo ya barabara.

Tangu sasa hivi, sioni kitu.