Uzito wa Ulimwengu Waenda Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amepata. Makumbusho makubwa ya ng'ambo yanataka kuonyesha kazi zake za miaka arobaini, kuanzia zile za ujanani hadi magogo marefu ya juzi. Mke wangu anasema dada yake amepewa vyumba vitano. Mke wangu ni mdogo wake, kwa hiyo tangu asubuhi anatembea kana kwamba yeye ndiye aliyechonga.

Nimefurahi. Naandika wazi: nimefurahi.

Ila mtu hujiuliza. Shemeji anachonga mti, nami nachonga mti. Kwamba yeye huchonga watu nami huchonga vitanda na milango ni suala la wateja, si la kipaji. Tena pale karakanani kwangu ipo kazi moja ya sanaa hasa, iliyonichukua miaka sita: mwanamume aliyebeba dunia begani. Inaitwa Uzito wa Ulimwengu.

Mchana nikamleta mjumbe wa makumbusho aione. Ni mama mpole, hagusi kitu bila glovu nyeupe. Nimempa jina la Bibi Glovu. Akaizunguka, akainama, akamwuliza Shemeji jambo kwa lugha yake. Shemeji akasita kunitafsiria. Nikasisitiza. Alikuwa anauliza kama huyo bwana anauza tikiti maji au ndiyo kwanza amelinunua.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafakari. Kasoro haiko kwenye kazi, iko kwenye mahali. Katikati ya vitanda, dunia itaonekana tikiti. Katikati ya kazi za Shemeji, hata tikiti litaonekana dunia.

Asubuhi nikaipeleka uani kwake kwa toroli, nikaisimamisha kwenye mstari wa kazi zinazosubiri kupimwa, kisha nikajifanya nakagua paa. Bibi Glovu alipita mara ya kwanza, akatazama. Mara ya pili hakutazama. Mara ya tatu akatundika koti lake kwenye kiwiko cha mtu wangu.

Shemeji akaniita pembeni. Hakukasirika. Yeye hakasiriki, na hilo ndilo linalochosha. Akaniomba niiondoe njiani wapakiaji wasije wakajikwaa. Halafu akasema ana jambo nami, la kuzungumza tukiwa tumekaa. Nikamwambia nina haraka. Jambo lenyewe nalijua: anataka nimtengenezee masanduku ya kusafirishia, na kwa kuwa sisi ni ndugu, nitalipwa asante.

Alhamisi, 6 Machi

Masanduku yameletwa yakiwa tayari. Basi sijui alitaka nini. Sikuuliza.

Kila kazi ina sanduku lake, na ndani yake sponji iliyokatwa kwa umbo la kazi hiyo, kama kiatu kilivyo kwa mguu. Nikajitolea kusaidia. Wapakiaji wakakubali kwa moyo mweupe. Nilikuwa na futi kamba mfukoni. Nikapima moja baada ya nyingine, nikiguna kitaalamu. Iliyolingana na yangu kimo ilikuwa moja tu: Mwanamke na Beseni, kazi ndogo ya zamani sana. Kazi ziko themanini. Nani atalilia beseni?

Wenzangu walipokwenda kula, nikafanya mabadiliko. Mtu wangu aliingia vizuri mpaka mabegani. Dunia ikagoma. Nikaikatia nafasi kwa kisu cha mkate, nikakaza skrubu, nikakung'uta vumbi la sponji magotini. Mwanamke nikamfunika gunia, nikamsukuma kwa toroli hadi karakanani kwangu.

Njiani kinyozi akatoka na mkasi mkononi, akauliza huyo ni mgonjwa gani. Nikamwambia ni pampu ya maji. Akaniangalia, akaangalia vidole vya miguu vilivyotokeza chini ya gunia, akasema siku hizi wanazitengeneza vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Lori limeondoka kuelekea uwanja wa ndege. Shemeji alisimama getini akilitazama mpaka likakata kona, kisha akaendelea kuitazama kona. Nikajisikia vibaya kidogo. Nikanywa chai, ikapita.

Akanikumbusha tena: Shemeji, lile jambo letu. Nikashika shavu, nikasema jino.

Nilipobaki peke yangu nikamfunua yule mwanamke nimtazame vizuri. Mwanamke mwenyewe sina neno naye. Ameweka beseni kiunoni, anageuka, na uso ni wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Lakini hilo beseni! Limelalia upande mmoja. Ukingo huku mnene, huku mwembamba. Aliyelichonga alikuwa anasinzia. Ukweli ni kwamba nimemsitiri Shemeji. Watu wa ng'ambo wangelitazama lile wangemdharau bure.

Kinyozi ameniomba pampu ya maji. Anaitaka Jumapili.

Jumatano, 19 Machi

Siku ngumu. Naandika polepole.

Shemeji alikuja asubuhi kwa miguu, akaketi juu ya kitanda ambacho sijakipaka vanishi. Akasema makumbusho wamepiga simu. Wamefungua masanduku, na katika moja wamemkuta bwana mmoja na tikiti. Hakuniuliza kama ni mimi. Aliuliza tu mwanamke yuko wapi, na kama alipo hapavuji.

Nikatoa gunia. Akapitisha kidole gumba ukingoni mwa beseni, taratibu, mzunguko mzima, kama mtu anayetafuta jeraha. Hakulipata. Hapo ndipo alipovuta pumzi.

Nikaona nijitetee. Nikamwambia niliteua ile yenye kasoro, tena kwa faida yake, maana beseni lilichongwa ovyo.

"Shemeji," akasema, "beseni ulilichonga wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanikumbusha. Kabla sijaoa nilikuwa nikishinda kwenye karakana yake, nikidai nataka kujifunza kuchonga. Alijua nimemfuata mdogo wake. Ili nisikae bure akanipa kipande cha mti na patasi, akaniambia nichonge chochote. Nikachonga beseni huku macho yangu yako mlangoni, na kila mdogo wake alipopita, patasi ilikwenda nayo upande huo. Nilipoondoka nililiacha sakafuni. Yeye akaliokota, akakaa nalo wiki nzima, kisha akalichongea mwanamke wa kulibeba. Mwanamke ni mke wangu. Nimelala kando ya uso ule miaka yote hii, na kwenye toroli sikuutambua.

Akasema Bibi Glovu alilipenda beseni kuliko vyote. Lingenyooka, mwanamke angekuwa amesimama tu. Kwa kuwa limeinama, maji yanakaribia kumwagika, na mtazamaji hawezi kuondoka. Kazi hiyo wameitengea chumba cha kwanza, peke yake. Kwenye maelezo ya ukutani kuna majina mawili, lake na langu. Na makumbusho walitoa nafasi mbili za safari, kwa wachongaji wawili.

"Ndilo jambo nililotaka tukae tulizungumze," akasema.

Nikaketi. Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama ile nafasi ya pili bado ipo.

Akasema hadi jana ilikuwepo.

Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu hakupiga kelele. Alikwenda karakanani, akasimama mbele ya yule mwanamke muda mrefu, akajishika shavu lake mwenyewe. Aliporudi akauliza kama ni kweli nilikuwa natazama mlango. Nikasema ni kweli. Akaingia jikoni. Chakula aliniletea, lakini hakunipakulia.

Makumbusho wanasema kazi itumwe kwa ndege nyingine, siku bado zipo. Nimeipakia mwenyewe. Nimekata sponji polepole mpaka beseni likakaa bila kuguswa na chochote kigumu. Shemeji alikuwa pembeni akinishikia skrubu, na safari hii upole wake haukunichosha. Uliniuma.

Bibi Glovu ameuliza wamfanyeje yule bwana mwingine. Shemeji akamwambia amhifadhi, watarudi naye. Nikashauri kwamba wakati akihifadhiwa, si lazima awe stoo, anaweza kusubiri mahali wanapopita watu. Shemeji akanitazama. Nikarudi kwenye sponji.

Nafasi ya pili amepewa mke wangu. Hakuna wa kulalamika. Yeye yumo kwenye maonyesho.

Jumamosi, 26 Aprili

Maonyesho yamefunguliwa. Mke wangu akapiga simu, anaongea chini chini kama mtu aliye hospitali. Anasema vyumba vina mwanga usiojulikana unatoka wapi. Wageni wanaingia chumba cha kwanza wakiongea, wanatoka kimya. Bwana mmoja mwenye suti alikinga kiganja chini ya beseni ili maji yasimwagike, mpaka mlinzi akamwomba arudi nyuma. Mama mmoja alimtazama yule mwanamke, akamtazama mke wangu, akamshika mkono.

Nikamwomba anisomee maelezo ya ukutani. Akasoma jina la dada yake, akasoma langu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikasema mtandao mbovu, akarudia tena, na nadhani alijua mtandao ulikuwa mzuri.

Nikaomba kuongea na Shemeji. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuomba radhi, nimeyafanyia mazoezi mbele ya kabati. Simu iliposhikwa nikasema, "Shemeji, mmekula?"

Akasema wamekula. Halafu akasema mikono imeanza kumtetemeka, akirudi atahitaji mtu wa kumsaidia kazi kubwa, na hamjui mwingine anayejua mti. Akaniambia funguo za karakana yake ziko kwa jirani yake, nikazichukue. Nifagie tu, na lile gogo la mzee aliyeketi nilifunike kitambaa kibichi lisipasuke. Nifunike tu. Lile "tu" alilisema mara mbili.

Nikakaa na simu mkononi ilhali ilishakatwa. Machozi yalinitoka, si haba. Mimi ni mtu mwingine sasa. Tamaa imekwisha, nimeiona ilikonifikisha. Kuanzia leo ni kunyamaza na kufanya ninaloambiwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefagia. Nimelowesha kitambaa, nimekikamua vizuri. Kabla ya kufunika nikatupa jicho, maana huwezi kufunika kitu usichokijua.

Ni mzee ameketi, mikono magotini. Kazi nzito. Magoti yamekwisha, mikono imekwisha, uso umekaribia. Ila pua imekwenda kushoto. Kidogo sana, wengi wasingeona. Mimi nimeona, kwa kuwa kazi yangu iko chumba cha kwanza ng'ambo.

Nikafikiri kwa utulivu. Shemeji mwenyewe amekiri mikono inatetemeka. Pua ile haikukusudiwa. Mtu mzima kama yeye hawezi kuniambia moja kwa moja, nirekebishie pua. Angeniambia vipi? Angenipa funguo. Na kunipa amenipa.

Nikanoa patasi. Nimeondoa upande wa kushoto kidogo, ikawa imekwenda kulia. Nikaondoa kulia. Nikarudi kushoto. Saa sita mchana ilikuwa imenyooka kabisa, ungeweza kuwekea pima maji.

Tatizo ni kwamba sasa ni ndogo mno kwa masikio yale. Kesho naanza na masikio.